Ukienda Frigiliana, lala huko

Wageni wengi wanaofika Frigiliana, kijiji cha mlimani kusini mwa Hispania, hukaa saa mbili tu. Basi la watalii huwashusha uwanjani saa tano asubuhi, hupanda mpaka kwenye kichochoro chenye vyungu vya maua, hupiga picha, hununua sumaku ya kubandika kwenye friji, na kufika saa nane mchana wamesharudi pwani kuogelea. Mara ya kwanza nami nilikwenda hivyo hivyo, nikaondoka nikidhani nimekiona kijiji.

Mara ya pili nilikuwa na mama yangu. Alikuwa na miaka 67, na goti lake la kulia linamsumbua tangu zamani. Kwa ajili ya goti lile tukaamua kutokimbizana na saa, tukalala huko siku mbili. Jioni ya kwanza, mabasi yalipokwisha kushuka, milango ikaanza kufunguka mmoja mmoja. Viti vikatolewa nje. Mzee mmoja akatoka na kizimba cha ndege, akakitundika kwenye msumari ukutani. Mama akasimama katikati ya njia, akanishika mkono, akasema, "Kumbe humu mnakaa watu!"

Nimerudi mara kadhaa baada ya hapo, peke yangu na wageni wengine, na kila anayeniuliza namna ya kwenda humpa mpango ule ule niliojifunza kwa sababu ya goti la mama. Ndio huu.

Kiko wapi, na unafikaje

Frigiliana ni kijiji cha mkoa wa Málaga, kusini mwa Hispania, katika eneo linaloitwa Axarquía. Jina hilo ni la Kiarabu, lina mzizi mmoja na neno letu mashariki, na kweli eneo lenyewe liko mashariki mwa mji wa Málaga. Kijiji kimekaa mlimani, mita 300 hivi juu ya bahari, kilomita 6 kutoka Nerja, mji wa pwani wenye fukwe na mapango maarufu yaliyogunduliwa mwaka 1959. Nyuma yake inapanda safu ya Almijara, milima ya mawe meupe-kijivu ambayo sasa ni hifadhi.

Wenye pasi za Kenya, Tanzania au Uganda wanahitaji visa ya Schengen, yaani visa moja ya nchi nyingi za Ulaya. Kama Hispania ndiyo nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, omba kwa upande wa Hispania. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na bima ya safari iwe na thamani isiyopungua euro 30,000. Usingoje wiki za mwisho, nafasi za miadi huisha.

Ukitua Málaga, panda basi la Nerja. Nerja haina treni, kwa hiyo asikupotezee muda mtu anayekuelekeza stesheni. Safari inachukua saa moja na nusu hivi, kutegemea basi linasimama vijiji vingapi njiani. Kaa upande wa kulia, bahari iko huko. Ukishuka Nerja, kuna basi dogo la kupanda Frigiliana, dakika kama 20, uwe na sarafu za nauli. Tahadhari ni moja: Jumapili na sikukuu usiitegemee ratiba ya siku za kazi. Sisi tulishuka Nerja siku ya sikukuu tukakuta hakuna basi mpaka kesho yake, tukachukua teksi. Si mbali, na bei inavumilika, ila uliza kabla ya kupakia mizigo. Na kumbuka kwamba ratiba zote zinaandikwa kwa saa 24: 14:00 ni saa nane yetu ya mchana, 21:00 ni saa tatu ya usiku. Mama aliandika saa zetu kwa kalamu pembeni mwa karatasi ya ratiba, nami siku hizi nafanya hivyo kwa kila mgeni.

Mwenye gari la kukodi aliache kwenye maegesho ya kuingilia kijijini. Usijaribu kuingia nalo ndani. Mitaa inaanza pana halafu inabana, na nimeshuhudia gari la familia nzima likirudi kinyumenyume, kuta zote mbili zikiwa umbali wa kiganja.

Lini

Aprili na Mei, au mwisho wa Septemba hadi Oktoba. Mwezi wa Mei jua linazama karibu saa tatu usiku, kwa hiyo jioni ni ndefu, na jioni ndiyo uliyoifuata. Julai na Agosti joto ni kali, hasa unapovuma upepo wanaouita terral, unaotoka bara ukiwa mkavu na wa moto kama mvuke wa tanuri. Siku za terral hata wenyeji hujifungia ndani, madirisha wameshusha mapazia ya mbao.

Mwisho wa Agosti kuna Tamasha la Tamaduni Tatu, la kukumbuka Wakristo, Waislamu na Wayahudi walioishi Hispania ya zamani. Muziki mwingi, soko la mitaani, vijisahani vya chakula kila kona. Ni zuri, lakini vichochoro vinajaa hata mtu hawezi kugeuka. Ukiwa na mzee, chagua wakati mwingine.

Majira ya baridi si makali kijijini, ila nyumba hizi zilijengwa ili kulizuia joto, na zinalizuia hata lile unalolitaka. Ukienda Januari, muulize mwenye nyumba kama chumba kina hita kabla hujalipa.

Viatu na mizigo

Hapa nitasisitiza, maana ndipo watu wanapoumia. Njia za mtaa wa juu zimesakafiwa kwa kokoto za mtoni zilizopangwa kwa ubavu, moja pembeni ya nyingine, nyeusi na nyeupe, zikichora maua na nyota. Zimekanyagwa kwa miaka mingi hadi zinang'aa. Zikiwa kavu hazina shida. Zikiwa na maji ni sawa na sabuni. Na kila asubuhi, kuanzia saa mbili hivi, akina mama wa nyumba zile hutoka na ndoo na kudeki kizingiti na hatua mbili tatu za ngazi mbele ya mlango. Hapo ndipo mama yangu alipoteleza, akiwa amevaa ndara za ngozi alizozinunua makusudi kwa ajili ya safari. Hakuvunjika, namshukuru Mungu, lakini mwenye nyumba alitupa ndoo, akamkalisha kwenye kiti chake, akamletea maji, na mpaka leo namkumbuka kwa uso wake wenye hofu kuliko wetu.

Vaa raba zenye soli ya mpira inayoshika. Siyo viatu vipya.

Mzigo nao uwe wa mgongoni. Sanduku la magurudumu kwenye ngazi zile utalibeba tu, na likiburuzwa usiku linawaamsha watu mtaa mzima. Kabla ya kulipia nyumba, mwandikie mwenyeji umuulize mambo mawili: teksi inafika wapi, na kutoka hapo kuna ngazi ngapi. Anayejibu "chache" bila kutaja idadi, muulize tena. Kwa mtu mwenye goti bovu, tafuta nyumba iliyoko Calle Real, mtaa mkuu, ambao unapanda taratibu. Nyumba za juu zina mandhari nzuri zaidi, ila utailipia kila mara unapotoka kununua mkate.

Jioni ya kwanza: usipande

Siku ya kufika tembea chini tu. Anza kwenye jumba kubwa linaloitwa El Ingenio, lilipo mlangoni mwa kijiji cha kale. Lilijengwa karne ya 16 likiwa kasri la ukoo wa Manrique de Lara, watawala wa eneo hili, na baadaye likawa kiwanda. Mpaka leo humo inapikwa asali ya miwa, na watu wa hapa wanajivunia kwamba hakuna kiwanda kingine cha namna hiyo kilichobaki Ulaya. Siyo asali ya nyuki. Ni maji ya miwa yaliyochemshwa hadi yakawa mazito na meusi, yenye utamu ulio na uchungu kidogo kwa nyuma. Pwani hii yote ilikuwa mashamba ya miwa kwa karne nyingi. Waarabu ndio walioileta. Kiwanda cha mwisho cha sukari ya miwa pwani ya Granada, mkoa jirani, kilifungwa mwaka 2006, na sasa ukiangalia mabondeni utaona maembe na maparachichi.

Kutoka hapo fuata Calle Real polepole. Utapita ghala la zamani la nafaka lenye matao ya matofali, utafika kanisa la San Antonio de Padua, la mwaka 1676, lililojengwa mahali palipokuwa na msikiti. Mbele ya kanisa pana uwanja wenye mabenchi. Kaeni hapo. Mnunulie mzee chai au maji ya machungwa, na msiharakishe.

Na msalimie watu. Najua sihitaji kumwambia msomaji wa Kiswahili umuhimu wa salamu, lakini wageni wengi hapa hupita mbele ya bibi aliyekaa mlangoni kana kwamba ni sehemu ya ukuta. Neno moja linatosha, "Buenas", na linafaa mchana hadi usiku. Asubuhi sema "Buenos días". Mama hakujua Kihispania, akawa anainamisha kichwa na kuweka mkono kifuani, na siku ya pili mabibi wa mtaani walikuwa wanamwita wao wenyewe wakimpapasia kiti.

Asubuhi ya pili: Barribarto na vibao 12

Hii ndiyo sehemu niliyoitaka uikute ukiwa umelala kijijini. Amka mapema, saa mbili asubuhi uwe njiani, kabla maduka hayajafunguliwa na mabasi hayajapanda. Mtaa unaoitwa Hernando el Darra unachepuka kutoka Calle Real na kupanda. Huko juu ndiko Barribarto, kijiji cha kale chenyewe, kilichopangwa na Waislamu wa Andalusia, jimbo hili la kusini, na kubaki na umbo lake: vichochoro vinavyojikunja, vipenyo vinavyopita chini ya vyumba vya watu, ngazi zinazoishia mlangoni mwa mtu bila onyo.

Ukutani, mahali mbalimbali, utakutana na vibao vya vigae vilivyoandikwa kwa Kihispania na kuchorwa picha. Viko 12. Vinasimulia vita vya mwaka 1569. Simama kwenye kila kimoja, tumia programu ya tafsiri ya simu, na usome. Wengi wanavipita wakidhani ni mapambo.

Kisa chenyewe ni hiki. Baada ya Wakristo kuiteka Granada, dola ya mwisho ya Waislamu Hispania, mwaka 1492, Waislamu waliobaki walilazimishwa kubatizwa. Waliitwa Wamorisko. Mwaka 1567 mfalme Felipe wa Pili akapiga marufuku lugha yao ya Kiarabu, mavazi yao, hata mabafu yao ya kuogea. Mwisho wa mwaka 1568 uasi ukalipuka milima ya Alpujarras, na miezi michache baadaye watu wa vijiji vya Axarquía nao wakapanda na familia zao kujihami kwenye mlima ulioko juu ya Frigiliana. Ukiinua macho ukiwa Barribarto unauona, unaitwa El Fuerte mpaka leo, yaani ngome. Mwezi Juni 1569 jeshi la mfalme chini ya Luis de Requesens liliupanda mlima ule na kuwashinda. Wanawake walipigana kwa mawe, na waandishi wa wakati ule wanasimulia kwamba wapo waliojirusha magengeni ili wasikamatwe. Waliotekwa walifanywa watumwa. Nyumba zao zikagawiwa wageni kutoka sehemu nyingine za Hispania. Hernando el Darra, ambaye mtaa una jina lake, alikuwa kiongozi wa waasi.

Mama alitaka nimsomee vibao vyote. Tulipumzika kila baada ya viwili, yeye amekaa kwenye ngazi, mimi nimesimama na simu. Kwenye kimojawapo cha mwisho alinyamaza kitambo, kisha akauliza nyumba tuliyolala ilikuwa ya nani. Sikuwa na jibu la kumpa. Swali lile bado ninalo kila ninapofungua mlango wa nyumba ya kupanga katika kijiji hiki.

Ngome ya kijiji, ya Lízar, siyo ule mlima wa El Fuerte, ilikuwa juu ya kijiji. Kimebaki kidogo sana, vipande vya ukuta na majani. Mwenye miguu mizima apande kwa ajili ya kuiona bahari, dakika chache tu zaidi. Wenye magoti wasipande, hakuna watakachokikosa ambacho hawatakiona kutoka kwenye ngazi za Barribarto.

Ushauri kwa wazee: pandeni kwa njia moja, mshuke kwa nyingine iliyo na ngazi fupi. Kushuka kunaumiza goti kuliko kupanda. Mama alishuka ubavuubavu, mkono mmoja ukutani, nikiwa mbele yake hatua moja chini, siyo nyuma.

Ukuta mweupe kwa karibu

Ukiwa huko juu asubuhi, kabla watu hawajajaa, weka kiganja chako ukutani. Utahisi kwamba hauko sawa. Una mawimbi, na kona zote ni za mviringo kama za donge la mkate. Hiyo ni chokaa juu ya chokaa, mwaka juu ya mwaka. Milima hii ni ya mawe ya chokaa na marumaru. Watu waliyachoma mawe kwenye tanuri za mabondeni, wakayazimua kwa maji, wakapaka. Chokaa inairudisha nuru ya jua isiingie ndani na inaua vijidudu, ndiyo maana enzi za tauni miji ilipakwa tena na tena.

Siku moja nilimkuta mwanamke anapaka ukuta wake. Burashi yake alikuwa ameifunga kwa uzi kwenye fimbo ndefu ya tete, ili afike juu bila ngazi. Chokaa ndani ya ndoo ilikuwa nyepesi kama maziwa. Alipopaka, ukuta haukuonekana umebadilika. Ulilowa tu, ukawa wa kijivu. Nikamwuliza mbona haing'ai. Akanionyesha sehemu aliyoipaka nusu saa kabla, imeshakauka, nyeupe mpaka nikafinya macho. Akaniambia tabaka mbili nyepesi, kamwe si moja nzito, la sivyo inabanduka kama ngozi iliyoungua jua. Wapo wanaotumia rangi ya dukani siku hizi, na utaitambua: kona zake ni kali.

Ukimkuta mtu anafanya kazi hivyo, omba ruhusa kabla ya kumpiga picha. Na milango ya bluu yenye maua ni milango ya watu. Nimeona wageni wakisogeza vyungu ili picha ikae vizuri. Usifanye.

Maneno yetu

Mama aligundua jambo ambalo mimi, niliyejifunza Kihispania darasani, sikuwa nimeliona. Dukani alisoma "azúcar" kwenye mfuko akasema, "Hii si sukari?" Tukaanza kuhesabu. Zafarani ni azafrán. Yasmini ni jazmín. Biringani ni berenjena. Meya wao anaitwa alcalde, ambaye asili yake ni kadhi. Mtu asiye na jina ni fulano, kama fulani wetu. Hata neno lao hasta, la "mpaka", linatokana na hatta ya Kiarabu, iliyotupa sisi hata. Anza mchezo huu na mtoto au mzee wako siku ya kwanza, hawatachoka njiani. Felipe aliikataza lugha, na maneno bado yamo kwenye mifuko ya dukani.

Kula

Agiza berenjenas con miel de caña: biringani zilizokatwa nyembamba, zikapitishwa kwenye unga, zikakaangwa kwa mafuta ya zeituni, zikamwagiwa asali ile ya miwa. Uzile zikiwa bado zinatoa mvuke. Zikipoa zinalegea. Ajoblanco ni supu baridi ya lozi na kitunguu saumu, huwekwa zabibu juu. Nyama ya mbuzi mchanga, choto, ni ya milima hii.

Kwa Waislamu, tahadhari iwe kubwa kuliko unavyodhani. Nguruwe hajifichi kwenye nyama tu. Vipande vya jamón, nyama kavu ya nguruwe, hunyunyizwa juu ya supu baridi na mboga bila kutajwa kwenye orodha, manteca ni mafuta ya nguruwe na hutiwa kwenye baadhi ya keki na biskuti, na choto mara nyingi hupikwa kwa divai. Sema mapema: "Sin jamón, sin manteca, sin vino," yaani bila jamón, bila manteca, bila divai. Uliza pia biringani zinakaangwa kwenye mafuta gani. Walinijibu kwa uungwana kila mara.

Chakula cha mchana ni kuanzia saa nane hadi saa kumi, cha usiku kuanzia saa mbili na nusu. Katikati ya hapo jiko nyingi zimefungwa, na maduka nayo hufunga kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja jioni. Mwenye sukari au dawa za kula kwa saa asitegemee mikahawa. Nunua mkate, jibini na matunda asubuhi. Maji ya bomba yanafaa kunywa. Kwenye chemchemi ya mtaani, angalia kwanza kibao: "no potable" maana yake usinywe.

Ukiwa na siku ya ziada

Chini ya El Ingenio kuna njia ya kushuka kwenye mto Higuerón, ambao mara nyingi ni kitanda cha mawe kisicho na maji. Unautembea kuingia milimani, kati ya magenge, na mifereji ya kumwagilia inapita pembeni.

Mbali zaidi, mwendo wa kilomita kama 7, kuna kitongoji kinachoitwa El Acebuchal. Mwaka 1948 wakazi wake waliamriwa wahame, kwa sababu wapiganaji waliompinga Franco, dikteta wa Hispania wakati ule, walikuwa wamejificha milimani. Kikabaki magofu miaka 50, kisha wazawa wakarudi na kujenga nyumba moja baada ya nyingine. Sasa pana mkahawa. Nenda asubuhi, beba maji lita moja na nusu kwa kila mtu, na mwachie mwenye nyumba uliyolala ujumbe wa njia utakayopita. Namba ya dharura ni 112.

Siku ya kuondoka, chupa ya asali ya miwa usiibebe mkononi. Uwanja wa ndege wanaweza kukunyang'anya, maana viwanja vingi havipitishi kimiminika kinachozidi mililita 100. Iweke kwenye sanduku la kupakiwa, kifuniko ukizungushie utepe, chupa uitie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, kisha ndani ya soksi nene. Mama alibeba nne hivyo, hakuna hata moja iliyovuja.